Pombe Niliyoiponya kwa Mbegu

Ipo siku ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni siku niliyoonja pombe yangu ya kwanza nikaitema. Nakuandikia habari zake ingawa mkono wangu si wa kuandika, na habari zenyewe hazinipambi. Mengine nimeyasahau. Pale ambapo sina hakika nitakwambia sina hakika.

Nilikuwa nimeolewa kutoka kwetu vilimani, Umatumbi, nikaja kukaa kwa mama mkwe wangu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Nyamwage. Ulikuwa mwaka wa Vita vya Majimaji. Pamba ya Mjerumani ilikwisha kung'olewa, na mume wangu alikwisha kunyunyiziwa yale maji ya kuzuia risasi, akaondoka na wenzake. Leo watu hucheka wakisikia habari ya maji. Mimi sicheki. Nilimwona anavyoondoka, amenyoosha mgongo, na tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo. Tukabaki watatu nyumbani: mama mkwe, mimi, na wifi yangu mdogo, Pili, mtoto wa miaka kama sita.

Shamba lilikuwa halijalimwa na mvua za vuli zinakaribia. Wanawake wawili hawaliwezi shamba lile. Desturi yetu siku zile ilikuwa kualika majirani. Unapika pombe ya mtama, watu wanakuja na majembe yao, wanalima mpaka jua la utosi, kisha wanakaa kunywa. (Wakati ule kwetu wanaoswali walikuwa wachache. Mimi nimesilimu baadaye, na tangu hapo sijaigusa. Mungu anisamehe kwa ile ya zamani.) Pombe ikiwa nzuri, kesho watarudi. Ikiwa mbaya, kila mtu atakumbuka ana kazi kwake. Na vijana wote walikuwa vitani, kwa hiyo hao wachache waliobaki, wazee na akina mama, ndio waliokuwa tegemeo letu.

Mama mkwe alinikabidhi kazi ya kupika. "Wewe ndiye mwenye nyumba sasa," aliniambia. "Mimi nitakula tu na kulalamika." Nilicheka, lakini neno hilo la mwenye nyumba lilinikaa.

Nikaloweka mtama mwekundu, nikaufunika kwa majani ya mgomba ili uchipue uwe kimea. Kimea hutaka siku tatu, kisha kianikwe. Siku ya pili ikaja habari kwamba askari wameonekana njia ya mtoni. Tukakimbilia porini, tukakaa huko siku nne, kama sikosei. Tuliporudi, nyumba ilikuwa salama, ila kimea changu kilikuwa kimegeuka msitu: machipukizi marefu ya kijani, mizizi imeshikana kama nywele zisizochanwa. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye matanga ya jirani. Alikuwa amekwisha kunifundisha zamani: kimea kikiwa kijani, yapukuse machipukizi yote na mizizi yote, na kama huwezi, kitupe. Sikukipukusa. Niliona watu wamealikwa na siku zimekwenda. Nikaanika, nikasaga vyote pamoja, nikapika.

Ilipochacha nikaonja. Uchungu ule ulishika shina la ulimi ukakataa kutoka. Nikiwa nimesimama hapo, akapita Mzee Mkumba, jirani yetu, ambaye hakuwa mtu wa kupita penye mtungi bila kusalimia. Nikampa kata moja.

Alikunywa, akafumba jicho. "Bibi harusi," akasema, "hii umetupikia sisi au umewapikia minyoo yetu?"

"Ni chungu sana, babu?"

"Chungu ni shubiri. Hii sijui niiteje." Akacheka mpaka akakohoa. "Ipelekeni vitani. Mjerumani akinywa kata moja atarudi kwao kwa miguu."

Hakuwa na ubaya yule mzee, na nataka umjue hivyo. Alinirudishia kata kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Mwambie mama mkwe wako. Yeye atajua la kufanya." Nilimsikia. Lakini masikio yangu yalikuwa bado yamejaa kicheko chake.

Kuna njia ya kuiponya pombe chungu, nami niliijua kwa mama yangu mzazi. Unapika uji mzito wa mtama safi, unatia kimea kizuri kidogo, unauacha mpaka uwe togwa tamu, halafu unauchanganya na ile chungu, nusu kwa nusu. Kimea kizuri kilikuwapo, konzi mbili zilizobaki za zamani. Mtama wa kula ndio uliokuwa umekwisha, tulikuwa tunakula muhogo. Nyumba nzima ilikuwa na mtama mmoja tu, ule wa mbegu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu.

Nilikishusha mchana kweupe, mama mkwe akiwa bado matangani. Nilijiambia kwamba vita vitakwisha kabla ya mvua, nitakwenda kwetu, mama atanijazia vibuyu viwili. Nafikiri nilijiambia hivyo kweli siku ile, sikulizua baadaye kujitetea, ingawa siwezi kuapa. Nikaitwanga mbegu yote. Kisha nikafanya jambo ambalo naliona zito kuliko huo wizi. Nilikwenda kijitoni, nikazoa mchanga mkavu, nikaujaza kwenye kibuyu mpaka uzito ukalingana, nikakiziba kwa gunzi na udongo kama kilivyokuwa, nikakirudisha mahali pake.

Pombe ikapona. Siku ya kulima Mzee Mkumba alipewa kata ya kwanza, akanywa, akanikodolea macho.

"Umeifanya nini, mwanamke?"

"Nimeirekebisha tu, babu."

"Basi nirekebishie na magoti haya."

Watu wakacheka. Mama mkwe alisimama mbele ya wote akasema mwanawe ameoa mikono, si mtu. Wakarudi siku ya pili na ya tatu. Shamba likalimwa lote, magugu yamechomwa, udongo umevunjwa laini. Nimeishi miaka mingi na sijaona shamba lililolimwa vizuri kama lile.

Halafu askari wakaja kweli. Tuliona moshi wa vijiji vya jirani kwanza, tukajua. Mama mkwe aliingia ndani mara moja, maana hapakuwa na wakati wa kuingia mara mbili, na mikono yake isingeweza vitu viwili. Mlangoni palikuwa na kikapu kikubwa cha muhogo mkavu, chakula chetu cha karibu mwezi. Juu ya meko palikuwa na kibuyu. Mimi nilikuwa nimembeba Pili mgongoni. Mama mkwe akakitazama kikapu, akakiacha, akachukua kibuyu.

Nilifungua mdomo, mwanangu. Kisha nikaufunga.

Alikivusha mabwawani kichwani mwake, maji yakimfika kifuani. Nikamwambia, "Mama, nipe mimi nikibebe."

"Wewe una mtoto," akasema. "Na mimi nina wa kwangu."

Tulikaa porini zaidi ya mwezi, tukihamahama, tukichimba ming'oko na mizizi mingine ambayo majina yake yamenitoka. Kila tulipopumzika alikiweka kibuyu mahali pakavu kuliko alipoketi yeye. Njaa ilipokaza, mwanamke mmoja tuliyekimbia naye alimwambia, "Si tufungue hicho tule?" Mama mkwe akamjibu, "Tukila hiki, mvua ikija nitaitazama kwa uso gani?" Yule akarudi kuchimba. Mimi nikachimba pamoja naye. Siku zile tulisikia kwamba upande wa Ngorongo bado kuna watu wenye mbegu za kugawana. Angejua, angekwenda mapema kuomba. Kila siku niliyolala na siri ile, mbegu hizo zilikuwa zinapungua huko.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Tukarudi. Nyumba ilikuwa majivu, lakini shamba lilikuwapo vilevile, laini, limelowa. Mama mkwe akapiga magoti ukingoni, akavunja kizibo, akamimina kiganjani.

Akaumwaga ule mchanga, akamimina tena, kana kwamba mtama uko chini zaidi. Akamimina mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Hapo ndipo nilipolala kifudifudi nikamweleza yote, kimea cha kijani, kicheko cha Mzee Mkumba, togwa, mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Ilikuwa chungu sana?"

"Sana, mama."

"Ningeinywa," akasema. "Ningeinywa mimi wa kwanza, mbele yao, na wao wangekunywa. Ilikuwa pombe tu, mwanangu."

Hakunipiga. Majirani walipouliza, aliwaambia mbegu ziliingia maji mabwawani zikaoza. Sikuwahi kumsikia akisema uongo kabla ya hapo, wala baada ya hapo. Kisha akaenda kwa miguu mpaka Ngorongo, akarudi siku ya nne na mbegu za kujaa kiganja, zimefungwa kwenye pindo la nguo yake. Tukapanda pembe moja ya shamba, tumechelewa. Kule kwetu vilimani nako hakukubaki ghala. Pili alikufa kabla mtama haujatoa masuke. Habari za mume wangu hazikuja, wala hazijaja.

Nataka niwe mkweli kwa pande zote. Siwezi kusema Pili alikufa kwa sababu yangu peke yangu. Waliopanda mashamba yao yote nao walizika watoto mwaka ule, na moto ule sikuuwasha mimi. Lakini pia siwezi kujificha nyuma ya askari. Shamba lilikuwapo limelimwa, mvua ilikuja, na kilichokosekana nilikitwanga mimi kwa mikono ambayo watu walikuwa wameisifu. Nimejaribu kulipima jambo hili miaka yote hii, na mizani yangu haitulii. Labda wewe utalipima vizuri zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ikikuharibikia mikononi, iache ionekane imeharibika. Usichukue kitu cha watu wote kufunika aibu yako ya siku moja, maana aibu watu wataicheka jioni na asubuhi wameisahau. Na ukiwa umekwisha kukosea, kama nilivyokosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje mpaka mwenzako awe amekwisha kuacha chakula chake mlangoni kwa ajili ya uongo wako. Mimi niliogopa kuambiwa sijui kupika. Kumbe aliyekuwa na haki ya kuniambia hivyo ndiye aliyekuwa tayari kuinywa.

Mungu akulinde na vita, na akulinde na hofu ya macho ya watu. Akujaalie nyumba ambayo ndani yake mtu anaweza kusema "nimeharibu" na bado akapakuliwa chakula pamoja na wenzake. Amina.