Nyumba ya Ng'ambo ya Barabara

Josepha, muuza vitumbua wa karibu na stesheni ya Tabora, amemzoea yule mzee mchoraji kama mtu anavyozoea honi ya treni. Ijumaa mzee huenda makumbusho ya Kwihara kuchora mlango wa nakshi. Siku nyingine hubaki mjini, juu ya kigoda chake, akichonga penseli kwa wembe na kukinga maganda kiganjani asichafue mahali pa watu. Akichora huguna taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

Jana alikaa kulitazama duka jipya la simu, lenye vioo, ng'ambo ya barabara. Josepha alipompelekea chai alichungulia, akashangaa. Kwenye karatasi hapakuwa na duka. Palikuwa na ile nyumba ya tembe iliyobomolewa pale zamani, na barazani mwanamke ameinamia kikaango cha vitumbua.

"Babu, huyu si mama yangu?" Mama alifariki bila kuacha hata picha moja. "Lakini alikuwa anakaa upande wa kulia wa nguzo, apate kivuli."

"Kweli kabisa. Nimekula vitumbua vyake miaka yote ile, nikasahau." Mzee akafuta, akamhamishia kivulini. "Na kitenge, alikifungaje?"

"Kwapani, si kiunoni."

Penseli ikapita polepole. Uso ukaanza kutokea.

"Shikamoo, mama," Josepha akajikuta anasema.

Mzee hakuinua macho. "Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa niaba yake.