Kitambaa cha Hadija na Spea za Mashine ya Wino

Kilichonitoa Mombasa ni barua, na barua hiyo ilinikuta nimejaa kiburi. Ilitoka Kigali, kwenye kiwanda kidogo cha maji ya marakuja, tunda tuliitalo pasheni, kilichokuwa na mashine ya kuandika tarehe kwenye chupa. Mashine ile hutema wino kwa matone madogo madogo bila kuigusa chupa, na wakati huo, mwishoni mwa miaka ya themanini, mafundi tulioijua mashine hiyo Mombasa nzima tulihesabika. Mkurugenzi wa kiwanda aliandika kwamba mashine imesimama mara tatu ilhali stoo imejaa spea. Akashuku kuwa mtunza stoo wake, mwanamke aitwaye Hadija, hajui kazi. Akaomba fundi aende akaangalie, na akithibitisha hivyo, Hadija ataondolewa.

Sasa nikwambieni ukweli, ndugu zangu wa Makupa. Orodha ya spea zile niliiandika mimi, nimekaa na kahawa yangu, bila ya kuwahi kukanyaga Kigali. Nilinakili tu ile tunayotumia viwanda vya Mombasa. Wazo kwamba huenda kosa ni langu lilinijia, nikalisukuma kando. Nikajiambia orodha yangu haina kasoro, huyo bibi ama anaiba ama anachanganya mambo. Nikafunga mkoba kwa moyo mweupe kabisa.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la mizigo ya Rwanda. Dereva alikuwa Bwana Omari, mtu wa Changamwe, mwembamba, mcheshi, asiyeweza kunyamaza hata akiwa anakunywa chai. Nyuma ya kiti niliweka sanduku la spea nilizozichagua kwa safari: pampu moja na kadi za umeme tatu. Huku kwetu chumvi ya hewani huzila kadi zile mpaka zinaota kutu ya kijani, na joto huziua pampu. Kwangu mimi, mashine ya wino ilikuwa hivyo popote duniani.

Nairobi tulipita, Malaba tukasota foleni nusu siku, Kampala tukala matoke. Njia nzima Bwana Omari alinicheka kwa kulikumbatia sanduku langu. "Umelishika kama bibi harusi, Fundi," aliniambia.

Baada ya Kabale baridi ilituingia mifupani, na barabara ikawa ya vumbi jekundu, laini kama unga wa ngano. Ilikuwa kiangazi. Kabla ya mpaka Bwana Omari aliegesha, akafungua boneti, akachomoa filta ya hewa na kuipigapiga kwenye gurudumu. Vumbi lilitoka hadi likamfunika. Akaitupa pembeni, akavuta nyingine mpya chini ya kiti. Nikaona ana tatu zaidi.

"Pampu ya dizeli ya akiba unayo?" nikamuuliza.

"Ya nini? Njia hii haili pampu. Inakula hizi."

Nilicheka. Nilidhani tunazungumzia malori.

Alhamisi alasiri tuliteremka Kigali, vilima kila upande na nyumba zimejishikiza ubavuni. Kiwanda kilikuwa bondeni Gikondo. Hadija alinipokea mlangoni mwa stoo: mwanamke wa makamo, mtandio wa bluu, funguo zimening'inia shingoni kwa uzi wa cherehani. Tulisalimiana kwa salamu ya Kiislamu, akaniambia babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. "Kwa hiyo weye ni mutu wa kwetu," akasema. Nilijisikia vibaya kidogo. Mkoba wangu ulikuwa na ile barua.

Akanifungulia stoo. Lo, nimeona stoo nyingi, lakini usafi ule sijauona. Pampu zangu zote zilikuwa kwenye makaratasi yake ya nailoni, kadi zimepangwa wima, kila rafu ina jina. Nikahesabu pampu na kadi kwa orodha yangu, moja moja, nikitafuta pengo. Halikuwepo.

"Yote iko, Fundi," alisema taratibu. "Hakuna imepotea. Lakini mashine haitaki hizi."

"Inataka nini basi?"

Alinitazama kama anayepima iwapo nitamcheka. "Kesho nitakuonyesha. Leo unakula kwetu."

Jioni ile nilikula Nyamirambo, nyumbani kwa Hadija. Mumewe, Bwana Yusufu, ni fundi cherehani, na Hadija naye alishona miaka mingi kabla ya kuingia kiwandani. Walinipa isombe, kisamvu cha kule, na ugali, na nyama ambayo nina hakika hailiwi kila siku. Bwana Yusufu alinisogezea kinofu kikubwa akasema, "Shemeji, mkurugenzi ameshaambia Hadija. Neno yako ndiyo itaamua. Sema tu ile umeona." Hakuniomba kumtetea mkewe. Angeniomba ningeona afadhali. Aibu niliyoikimbia toka Mombasa ikakaa nami mkekani.

Ijumaa asubuhi Hadija alishusha kutoka juu ya kabati kitambaa cha marekani kilichokunjwa, akakitandaza mezani. Alikuwa ameshonea pale kila spea iliyokufa kwenye ile mashine tangu ifike.

"Kwa washonaji tunafanya hivi na vifungo," alisema. "Moja ya kila namna tunashona kwa kitambaa, ndiyo tujue ipi inaisha mbio. Wengine walisema nitupe huu uchafu. Mimi nikasema hapana, hii ndiyo barua ya mashine."

Uzi mwekundu ulikuwa wa kiangazi, wa kijani wa masika. Nilikisoma kitambaa kile kama mtoto wa chuo cha Kurani. Filta za wino, kumi na moja, karibu zote kwa uzi mwekundu, zimeziba tope la rangi ya matofali. Pua za kutemea wino, nne, zimeganda. Ringi ndogo za mpira, sikuzihesabu. Pampu, hakuna. Kadi, hakuna hata moja.

Pembeni kulikuwa na ringi nyeusi zilizofura kama maandazi. Nilipouliza, Hadija aliinamisha uso. Ringi zilipomwishia alikwenda kwa mafundi wa mtaa wa Kimisagara, wakamkatia nyingine kwa mpira wa tairi la baiskeli. Thina ya mashine, ile dawa ya kuyeyushia wino, ikazila kwa siku mbili. "Hiyo ni kosa yangu," alisema. "Nimeishona pia."

Saa nne umeme ulikatika. Mstari wa chupa ukasimama, na mashine ya wino ikazimika ghafla, haikupata nafasi ya kujiosha. Hadija aliruka kwenye ngazi, mtandio begani, akachomoa pua ya mashine na kuikimbiza kwenye kikombe cha thina kabla wino haujaganda. Aliuwahi wino kwa sekunde chache tu. Kisha akanionyesha mkebe: thina ilikuwa imebaki vidole viwili. Orodha yangu ilikuwa imeagiza mkebe mmoja kwa mwaka mzima. Kwetu umeme ulikuwa haukatiki namna ile, na mkebe mmoja ulitosha.

Adhuhuri, baada ya sala, tuliitwa ofisini. Mkurugenzi alikuwa amesomea Bukavu na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, ambako stoo huitwa magazini. "Fundi, magazini inajaa, mashine inasimama. Ni namna gani? Huyu mama anaweza kazi ao hapana?"

Hadija alisimama ukutani, mkono umeshika funguo shingoni. Hakunitazama. Ningeweza kusema maneno ya kitaalamu, nikalaumu vumbi, nikalaumu umeme, kila mtu akatoka salama na mimi nikiwemo.

"Orodha iliyojaza stoo yako ni ya mkono wangu," nikasema. "Niliiandika Mombasa kwa mashine za Mombasa. Dada huyu amezitunza spea ambazo hazina kazi hapa, na kuiendesha mashine kwa zile nilizoagiza chache mno. Angekuwa mtu mwingine, ingesimama mara thelathini." Nikamtandazia kitambaa mezani.

Mkurugenzi alikiinamia, akipapasa filta moja moja kwa kidole. Mwishowe alisukuma karatasi tupu, ikapita mbele yangu, ikaenda kwa Hadija. "Mama, andika weye. Fundi atatia sahihi."

Wikiendi nzima tuliandika pamoja Nyamirambo, cherehani ya Bwana Yusufu ikilia pembeni. Filta nyingi kabla ya kiangazi. Thina ya kutosha kukatika kwa umeme. Ringi za mpira ule ule unaostahimili thina, hakuna cha Kimisagara. Pampu moja tu ibaki, kwa dharura. Mimi nilitaka kadi mbili. Hadija alisema moja, ikawa moja. Zilizosalia nilirudi nazo Mombasa kwenye lori la Bwana Omari, ambaye alinicheka mpaka Malaba kwa kurudisha bibi harusi kwao.

Siku ya kuondoka Hadija alinipa kipande cha marekani kipya, sindano, na vijiti viwili vya uzi. Nilikitundika karakana kwetu Makupa. Vijana walinitania kwamba nimeanza kujishonea kanzu.

Kiangazi kilichofuata agizo lilikuja kutoka Kigali, limeandikwa kwa mwandiko wa Hadija na kutiwa sahihi yake peke yake. Chini aliongeza: "Mashine haijasimama. Kitambaa yako iko na nini?"

Nilimjibu kwamba sasa kina vitu saba, na kadi mbili za kutu kati yake. Sikumwandikia cha kwanza nilichokishona, kule juu kwenye pembe, kwa uzi mwekundu. Ni karatasi iliyokunjwa mara nne, orodha yangu ya Kigali.