Dakika Tano za Mama

Siku ya kumaliza matanga ya mama, mjomba wangu alijifanya waziri. Alishika karatasi ya programu akigawa muda utadhani ni mali yake. Padri dakika kumi, jirani mwenye cheo kumi na tano, yeye mwenyewe "muda wa kutosha". Marehemu akapewa tatu.

Ujumbe wa mama, niliourekodi kwa simu akiwa kitandani, ulikuwa wa dakika tano. Ulikuwa kwa ajili ya mdogo wake wa Basoko, ambaye mashua ilimfikisha Kisangani asubuhi hiyohiyo, maziko yameshampita. Kuagana kwao kulibaki humo tu.

"Tonton, tatu haitoshi," nilimwambia mjomba.

"Bon, ongeza vitesse, c'est tout."

Fundi wa spika, bwana wa miwani myeusi aliyejiita injinia, akaongeza kasi. Mama akatoka na sauti ya kifaranga. Watoto wakaangua kicheko, na injinia naye akacheka, mpumbavu yule.

Nikamsukuma pembeni. Mimi nahariri vipindi vya redio. Najua kuwa kompyuta inaweza kuharakisha maneno bila kuifanya sauti iwe nyembamba. Punde nikampata mama na sauti yake nzito ileile, dakika tatu kamili. Nilivimba kichwa. Nilimtazama injinia kama tope kwenye kiatu changu.

Ujumbe ukapigwa, watu wakanipongeza. Kisha mjomba akahutubia nusu saa nzima, habari zake mwenyewe.

Mama mdogo akanifuata nyuma ya spika.

"Sauti iko ya yaya," alisema. Ndivyo alivyomwita dada yake maisha yote. "Lakini nani alikuwa anamukimbiza?"

Nikatoa simu, tukaketi kusikiliza rekodi yenyewe, ambayo sikuigusa.

"Mudogo wangu, unanisikia?" Kimya kirefu. "Ile kikwembe ya bleu iko yako. Utaivala?" Kimya tena.

Siku niliyomrekodi nilidhani ni ugonjwa uliomkata pumzi. Kumbe alikuwa anasubiri.

"Ndiyo, yaya," mama mdogo aliiambia simu, machozi yakimtiririka. "Nitaivala."

Akajibu kila mahali, hadi mwisho. Zile nafasi za kimya zilikuwa zake, na mimi, bingwa, ndiye niliyezibana.