Ncha za Mbavu Mjini Buffalo

Yaya Amosi, kaka yetu mkubwa, alinipigia simu akasema niende Buffalo haraka, bila kutaja sababu. Yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia makaratasi ya mama ya kuja Amerika, aliyebaki kambi ya wakimbizi Burundi, basi nikaamini yamekubaliwa. Niliomba ruhusa kiwandani Jeffersontown, nikapanda basi Louisville asubuhi iliyofuata nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Columbus nilifika mchana. Dada yangu Neema, anayekaa Reynoldsburg, alinipokea kwa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitazama nikila. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilipomuuliza, alisema ni kazi ya usiku kule depo ya mizigo. Nikamtania kwamba Amerika itamzeesha kabla mama hajamwona. Hakucheka. Alisema angenifuata Jumamosi.

Buffalo kulikuwa na theluji. Yaya hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka kwenye mkahawa mdogo wa nyama choma mtaani kwake, akaniagizia ncha za mbavu za nguruwe, zimerundikwa juu ya mkate mweupe uliolowa sosi. Nyama ilikuwa tamu, inanukia moshi, yenye gegedu nyingi za kutafuna. Nikamuuliza mama atasafiri lini.

"Kula kwanza, mudogo yangu," alisema. Yeye hakugusa chochote.

Hapo nikaelewa. Kwetu milimani Kivu msiba hausemwi kwenye simu, na mtu haambiwi kabla hajashiba, maana akishaambiwa hatakula tena. Nilitafuna polepole. Nilizirudia hata gegedu nilizokuwa nimeziweka pembeni. Sahani ilipobaki mifupa mitupu niliagiza nyingine, na mwenye mkahawa, mama mmoja mnene mchangamfu, akafurahi kwamba nimependa mapishi yake. Tumbo liliniuma, nikaendelea. Yaya aliniacha nile.

"Bon, basi," alisema mwishowe, nilipokuwa sina tena cha kutafuna. "Mama alishatuacha."

Neema alikuja Jumamosi kama alivyosema, tukalia pamoja nyumbani kwa Yaya. Kama safari hii imenifunza kitu, ni kwamba shibe haipunguzi uchungu hata kidogo. Nilirudi Louisville sina hamu ya lolote, wala ya kufika.

Nyumbani kwangu Beechmont watoto walinipokea mlangoni wakiuliza koko, bibi yao, anakuja lini. Nilimwambia mke wangu apike. Chakula kilipotengwa, binti yangu mkubwa, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, aliitazama sahani yake, akanitazama mimi nisiyekula, kisha akaisukuma.

"Papa, sina njala," alisema, safari hii kwa Kiswahili.

Nilimbembeleza ale hata tonge moja. Akafumba mdomo.