Mgeni wa Serikali Shuleni Kwetu Temeke

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinichukua tukaenda Temeke kumwandikisha mwanawe chekechea. Nilikuwa sijakanyaga upande ule miaka mingi, njia nzima natazama nje ya dirisha la gari nikitafuta mikorosho. Hakuna mkorosho hata wa dawa. Tukaingizwa kwenye chumba chenye viti vidogo, vyekundu na vya buluu, vya kimo cha mtoto wa miaka minne, na ukutani picha za ndizi na samaki. Mjukuu wangu akaanza kulalamikia ada. Mimi nikaketi kwenye kimojawapo, magoti yakanifika kidevuni, na kabla sijajijua nikawa nalia. Mwalimu wa watu akaja mbio na maji akidhani presha imepanda.

Haikuwa presha. Ngoja nikusimulie wewe, maana nyumbani nikianza habari hii vijana wote hukumbuka simu zao.

Nazungumzia zama za Mwingereza, Temeke ikiwa bado minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba za udongo zimekaa mbalimbali, na njia ya mchanga inayounguza nyayo ikifika adhuhuri. Mama yetu alifariki mapema. Baba alikuwa kuli bandarini, akirudi amechoka hata salamu anaitikia kwa kichwa. Mimi na mdogo wangu wa kike tulilelewa na bibi, muuza vitumbua. Asubuhi zangu zote za utoto zina harufu ya iliki na unga wa mchele ulioumuka, na sauti ya bibi akigonga upawa kwenye ukingo wa kikaango ili niamke nikateke maji. Nikirudi kisimani nakuta mdogo wangu ameshakaa jikoni, anasubiri kitumbua kilichoungua, maana kilichoungua hakiuzwi. Wakati mwingine nilihisi bibi anakiunguza makusudi.

Shule yetu ilikuwa banda moja la makuti lenye kuta za udongo zilizofika kiunoni. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mnazi. Tulikalia magogo ya minazi, na mvua ikinyesha tulisukumana sote upande usiovuja. Mwalimu alikuwa mmoja tu, mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Wanawake wa mtaa walimcheka Kiswahili chake lakini wakimpelekea futari.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa kama miaka mitano, na alikuwa na kimbelembele cha ajabu. Nikienda shule ananifuata. Anakaa nje, chini ya ukuta, anasikiliza. Sisi ndani tukiitikia a, e, i, o, u, sauti yake inatoka nje inatutangulia, darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu alikuwa akitoka anamwambia kwa upole, "Rudi nyumbani, mama. Nafasi hakuna." Kweli haikuwepo. Na hata ingekuwepo, bibi asingekubali. Alishasema: mtoto mdogo vile, wa kike, si mvulana kama mimi, hamwachi katikati ya mijivulana yenye ndevu chini ya mwalimu mwanamume mwenye bakora. "Siku serikali ikileta mwalimu wa kike," alisema, "namshika mkono nampeleka mwenyewe." Aliyasema hayo akijua fika kwamba siku hiyo haipo.

Sasa, jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa yaya kwa Wazungu, kule ufukweni upande wa kaskazini. Siku zake za mapumziko alikuja kwetu kuchambua mchele na kutuletea habari. Siku moja akasema watoto wa Kizungu wa miaka minne wana shule yao. Bibi akaacha kupepeta.

"Miaka minne? Wanafundishwa nini, kunyonya?"

"Wanaimba, shoga yangu. Wanachezea udongo wa rangi. Saa nne wanapewa maziwa, kila mtu na kikombe chake. Na viti vya kukalia vidogo hivi, utadhani vya wanasesere."

"Nani anagharimia?"

"Serikali! Nani mwingine?"

Bibi alishika shavu. Mimi pia nilipigwa na butwaa, lakini kwa maziwa. Serikali niliyoijua mimi ilikuwa askari wa kodi anayemgongea baba mlango. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba serikali ileile, mahali pengine, inamimina maziwa kwenye kikombe cha mtoto.

Basi haukupita muda mrefu mwalimu akawaita wazazi. Akasema serikali imetenga fungu kwa ajili ya watoto wadogo wa wenyeji. Watajenga chumba, wataleta mwalimu wa kike, na maziwa juu yake. Lakini fungu lenyewe dogo, halitoshi shule zote, kwa hiyo bwana wa elimu atapita kila shule ajionee. Penye haja kubwa ndipo watakapojenga.

Bibi alirudi nyumbani anatembea haraka kuliko kawaida yake. Alimvuta mdogo wangu akamtazama usoni, akasema, "Mjukuu wangu, wewe utasoma." Na mie nikajua ameamua, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kusema jambo la kesho bila inshallah, na siku ile alilisahau.

Kilichofuata, mtu wa pwani atakielewa, wengine sina hakika. Mgeni anakuja. Mgeni mkubwa. Kwetu mgeni akija hata kama mmelala njaa, mnaazima. Unaazima mchele kwa huyu, sahani kwa yule, mkeka mpya kwa aliyeolewa juzi, na mgeni anakula anaondoka bila kujua kwamba kijiko alichokishika kimetoka mtaa wa tatu. Hiyo kwetu si kudanganya. Ni kujisitiri, na ni kumsitiri mgeni pia, asione aibu kula kwa masikini. Sijui mwanamke hata mmoja wa mtaa ule aliyewahi kufikiria kupokea mgeni kwa namna nyingine.

Wakaanza. Ukuta ukapakwa chokaa. Makuti yaliyooza yakabadilishwa. Viti vikaazimwa kwa Mhindi wa duka, meza kwa imamu, kitambaa cha meza kikatoka kwa yaya. Sisi tuliokuwa shuleni tukanyolewa, tukasuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka. Mimi nikavalishwa viatu vya binti wa fundi cherehani, vilinibana hata nikawa natembea kama kuku.

Mwalimu alikuja mpaka uani kwa bibi kuwasihi wanawake. Nilikuwa nakuna nazi, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mama zangu, shikamooni. Nawaomba, acheni aone hali ilivyo. Aone banda linavuja."

"Marahaba, mwanangu," bibi akamwitikia. "Labda kwenu bara ndivyo. Hapa mgeni haonyeshwi matambara yako mlangoni. Atakula kwanza, atanawa, halafu ndipo tutamweleza shida zetu. Mtu aliyeshiba anasikia vizuri."

Mwalimu alikuna kichwa. Mkaguzi wa mwaka uliotangulia alikuwa amemkemea kwa uchafu wa shule, na nadhani hilo nalo lilimla moyoni. Akakubali.

Likabaki jambo moja, watoto wadogo. Walewale ambao chumba kilikuwa kinaombwa kwa ajili yao. Wengi wao matumbo yamevimba, miguu ina funza, na nguo hawana. Mdogo wangu mwenyewe wakati ule kichwa kizima kilikuwa mapunye, bibi amekipaka dawa ya majani ya kijani. Ukiwatazama pamoja ulikuwa unaona haya. Wanawake wakashauriana kidogo tu, wala hakuna aliyebisha. Wakawakusanya wote na kuwaingiza kwenye ua wa jirani, ukuta kwa ukuta na shule, mlango wa makuti ukafungwa.

Mgeni alifika asubuhi, gari likatimua vumbi mpaka kwenye mihogo. Mzungu mwembamba, si mkali hata kidogo, anaongea Kiswahili cha kujifunza kitabuni. Tuliimba. Alitabasamu. Akagusa ukuta akaona chokaa, akatazama viti, akatazama viatu vyangu. Akazunguka nyuma ya banda, akasimama karibu kabisa na ule ua, mahali ambapo mtoto akikohoa tu anasikika. Hakuna aliyekohoa.

Akamgeukia bibi, maana ndiye aliyekuwa mbele ya wanawake. "Mama, watoto wadogo wa hapa, hali zao?"

Nami najua bibi alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga siku nyingi, nilimsikia akiyasema peke yake juu ya kikaango. Lakini mgeni alikuwa hajala.

"Hawajambo, bwana," akasema. "Wazima wote, tunamshukuru Mungu. Karibu chakula."

Pilau ilikuwa tayari, harufu ya binzari imejaa mpaka barabarani. Mzungu akatazama saa yake. Akanywa chai nusu kikombe akiwa amesimama, akashukuru, akasema ana pengine pa kufika. Gari likawaka. Bibi alibaki amesimama na birika la kunawia mkononi.

Majibu yaliletwa na jumbe, mkuu wa mtaa wetu, akiwa na furaha tele, maskini, alidhani ametuletea sifa. Bwana amependezwa sana. Ametuandika kuwa mfano wa wenyeji wanaoweza kujitunza wenyewe bila kusaidiwa na serikali. Haja haikuonekana. Fungu litapelekwa kwingine.

Mwalimu alikaa kwenye gogo, akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo. Bibi hakulia. Alisema maneno machache tu, na hayo ndiyo nimeyabeba mpaka uzeeni: "Nimemficha mtoto wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Nilipokuwa mkubwa niliwahi kuwakasirikia wanawake wale. Leo hasira yangu imehama, wala haijapoa. Jiulize nawe, rafiki yangu. Yaya alikaa miaka na watoto wa ufukweni. Hakuwahi kuona mama wa Kizungu anapanga wanawe barazani waonyeshe vidonda ndipo wapewe maziwa. Kule maziwa yalikuja tu, kama mvua. Sisi ndio tuliotakiwa kufunua nguo kwanza, na kwa kuwa tulikuwa watu wenye haya, tukakosa. Kila nikiliwaza hili nashtuka upya, kwa umri huu. Na yule bwana, nilishasema hakuwa mkali. Barabara aliyojia ilipita mbele ya watoto wengi tu wenye matumbo yale, na sidhani kama alikuwa kipofu.

Chumba hakikujengwa. Banda lenyewe liliendelea kuvuja mpaka nilipomaliza darasa la nne. Mwalimu alihamishwa, ukaja wakati mwingine, bendera ikabadilika, mikorosho ikakatwa, na wale wanawake wakaondoka mmoja mmoja na mikeka yao, sahani zao na ile adabu yao ambayo leo hakuna anayeiweza. Mdogo wangu alirithi kikaango. Vitumbua vyake vimesomesha watoto wake wote, na yeye mwenyewe hajui kusoma jina lake.

Lakini nilicholilia juzi kwenye kile kiti sicho hicho. Nililia kwa asubuhi iliyofuata baada ya jumbe kuleta sifa zake. Nilitoka kuteka maji nikamkuta mdogo wangu amekaa kizingitini. Amenawa uso. Amejivalisha gauni lake la sikukuu, amelipindua nyuma mbele. Bibi akamuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda shule.

"Hakuna shule, mama," bibi akamwambia. "Mzungu amekataa."

Mdogo wangu akamtazama kama mtu aliyedhulumiwa waziwazi, mchana. Ndipo tukajua waliloambiwa kule uani wakati wanafungiwa. Waliambiwa mgeni ndiye mwenye shule, na wakikaa kimya kabisa, atawapa.

"Mbona nilinyamaza?" akasema. "Bibi, mie nilinyamaza. Yule mtoto wa jirani alitaka kulia, nikamziba mdomo. Waulize. Nilinyamaza!"