Uso wa Mwajuma Kwenye Vioo vya Duka

Kwa miaka tisa Shamimu alikata stika za bodaboda na za saluni pale Magomeni ya Mtwara, lakini kazi ya kupamba vioo vya duka zima hakuwahi kuipata, hadi Bi Noorjehan alipomwita. Duka lake la vitambaa, katikati ya mji, lilikuwa tupu tangu mumewe afariki. Vioo vilijaa vumbi na matangazo ya mikutano iliyokwisha kupita.

"Nifunikie vioo hivi, mwanangu," alisema. "Nimechoka kulipita duka hili kama kaburi."

Godfrey, dalali aliyekuwa akilitafutia duka mpangaji, alikuwa na lake. Alimwonyesha Shamimu picha kwenye simu: maghorofa marefu, wanawake wa Kizungu wamebeba mifuko.

"Weka hii, dada. Watu wanataka maendeleo."

Shamimu hakuiweka. Alikwenda kijijini Mahurunga akampiga picha mama yake mdogo, Mwajuma, akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Akaichora upya kwa rangi nne, akakata stika siku tano. Uso peke yake ulizidi upana wa mlango.

Kesho yake baada ya kubandika, alikuta nusu imebanduliwa. Godfrey amesimama palepale, hana hata haya.

"Nani atapanga duka lenye bibi wa shamba?"

"Bibi huyo na wenzake ndio walionunua vitenge humu miaka yote. Maghorofa yako yalinunua nini?"

"Bandika tena, nami nitabandua tena."

Shamimu alikwenda moja kwa moja kwa Bi Noorjehan.

"Shikamoo, mama. Naomba ufunguo. Safari hii nabandika kwa ndani."

Kwa ndani kila kitu hugeuka: kulia huwa kushoto, rangi ya juu hutangulia kubandikwa. Alikata upya kila kipande. Godfrey alipokuja, kucha zake ziliteleza kwenye kioo kitupu. Akadai ufunguo.

"Duka ni langu," Bi Noorjehan alimjibu. "Mpangaji asiyemtaka mama huyu, usiniletee."

Ijumaa Mwajuma alikuja kujiona. Alisimama kando ya barabara muda mrefu.

"Umenizeesha," alilalamika. Kisha akamshika mkono mwanamke mpita njia, wala hawakujuana. "Yule ni mimi."

Mpangaji hajapatikana hadi leo, na Godfrey hamsalimii Shamimu. Shamimu mwenyewe yuko kwenye vioo vya ubavuni, anapima. Hapo anataka kumchora Bi Noorjehan, ambaye amekataa mara mbili. Mara ya tatu ameuliza avae nini.