Chaja ya Wiesława

Mama mkwe wangu, Wiesława, anaendesha tramu hapa jijini Łódź. Nyumbani kwake hajawahi kuwa na kitu cha peke yake. Soseji yake mumewe huila, mwavuli wake binti huondoka nao, na ndala zake za ndani huvaliwa na yeyote aliyetangulia kuamka. Ni chaja tu iliyosalimika, kwa sababu simu yake kuukuu ilikuwa na tundu lisilofanana na la mtu mwingine.

Simu hiyo ikafa. Akanunua mpya, yenye tundu la aina moja na zetu zote, kama sheria ya Umoja wa Ulaya inavyotaka, pamoja na chaja mpya.

Jana karudi kutoka kazini, simu imezima. Chaja akaikuta imechomekwa kwenye spika ya mume wangu.

“Nani kakuruhusu?” akafoka.

“Mama, si siku hizi chaja zinaingiliana?” mume wangu akajitetea.

“Ndiyo sheria hiyo, mke wangu,” baba mkwe akadakia, anacheka.

“Sheria imesema matundu yafanane, haikusema chaja yangu iwe ya ukoo! Hao wabunge wangejua nimefuga mchwa humu ndani, wasingethubutu!”

Nikacheka. Akanigeukia.

“Na wewe, vua ndala zangu!”